Jinzi Iliyokunywa Maji ya Mama

Nafua nguo za watu. Kibanda changu kiko Singida mjini, nyuma ya soko, na nguo ninayoletewa zaidi ni jinzi. Swali ninaloulizwa zaidi nalo ni lile lile: "Dada, nitie chumvi isichuje?"

Siku nyingine najibu vizuri. Nasema igeuze ndani nje, funga zipu, loweka kwenye maji yasiyo ya moto, sabuni iwe kidogo. Usiisugue kwa burashi. Usiikamue kama unanyonga kuku. Anika kivulini, tena kwa kuining'iniza kiunoni, isiwe na mkunjo. Na usiifue kila ukiivaa. Rangi ya jinzi haijaingia moyoni mwa uzi, imekaa juu juu, kwa hiyo kila ukisugua unaondoka nayo kidogo. Itapauka tu, ufanye usifanye. Kazi yako ni kuichelewesha.

Siku nyingine nikisikia hilo neno chumvi nainama kwenye beseni nisimwangalie mteja usoni, maana hasira inanipanda na yeye hana kosa. Hajui kwamba mambo haya yote ya jinzi niliyajua nikiwa na miaka kumi na sita, na kwamba aliyenifundisha ni kaka yangu.

Kwetu ni kijiji cha wilaya ya Ikungi. Katika watoto tuliozaliwa tulibaki hai wawili tu, kaka na mimi, yeye akinitangulia kwa miaka sita. Baba alikuwa mkulima wa uwele na alizeti, na mzee wa kanisa. Mama alikuwa mkulima wa uwele na alizeti, na mpishi, na mkata kuni, na mteka maji. Yeye hakuna aliyemwita mzee wa chochote.

Kaka alipokwenda chuo Dodoma, nyumba nzima ilitembea kwa vidole. Baba alikuwa na msemo, "Huyu ndiye taa ya nyumba hii." Mimi nilikuwa kidato cha pili, shule ya kata, naenda kwa miguu na kurudi, na hakuna aliyeniita hata kibiriti.

Mwaka huo kaka alirudi likizo mwezi wa nane akiwa na jinzi. Sijui aliipata wapi. Ilikuwa ya buluu iliyokaribia weusi, ngumu, ukiiegemeza ukutani inasimama yenyewe kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Kijijini jinzi zilikuwepo, lakini zilikuwa za mtumba, zimekwisha kupauka kwenye miili ya watu wengine kabla hazijatufikia. Hii ilikuwa mpya. Alipoivaa siku ya kwanza, mapaja yake yalibaki na rangi, na jioni mama alicheka kuona shuka alilokalia limechapwa buluu.

Kesho yake kaka aliniita nje. "Njoo nikuelekeze," alisema. Nikaenda. Akaniwekea ile suruali mikononi kama mtoto mchanga.

"Hii haifuliwi kama matambara yenu," alisema. "Unaigeuza. Maji ya baridi. Husugui. Huanui mpaka ikauke kabisa. Jua lisiione. Na usithubutu kutia maji ya pampu."

"Kwa nini?"

"Yana chumvi. Inaacha madoa meupe."

Inabidi niyaeleze maji ya kwetu, maana bila hayo hasira yangu itaonekana ya kijinga. Kijiji kilikuwa na pampu moja, na maji yake yalikuwa ya chumvi. Sabuni iligoma kutoa povu. Sufuria iliota ukoko mweupe. Meno yetu, sisi tuliozaliwa pale, yana rangi ya kahawia mpaka leo, na ukitabasamu mahali popote Tanzania watu wanakuuliza, "We wa Singida?" Hayo ndiyo tuliyokunywa, tuliyopikia, tuliyoogea. Maji matamu yalikuwa kwenye korongo, mwendo wa zaidi ya saa moja. Kiangazi korongo ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unakaa pembeni na kibakuli, unasubiri maji yajikusanye chini, unachota kidogo kidogo. Kadiri kiangazi kinavyosonga, shimo linazidi kwenda chini, na foleni ya wanawake inazidi kurefuka juu. Dumu moja laweza kukumalizia asubuhi nzima.

Basi suruali ya kaka ikawa inafuliwa kwa maji ya korongo. Baba alikunywa ya chumvi. Mama alikunywa ya chumvi. Suruali ilikunywa matamu. Mara mbili kwa wiki niliamka alfajiri, nikaenda, nikarudi na dumu kichwani, ndipo nikavaa sketi ya shule. Nilichelewa, nikachapwa kwa kuchelewa. Sikumwambia mwalimu sababu. Ningesemaje? Kwamba nimetoka kuteka maji ya suruali?

Na nilifua vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Niliigeuza, nikailoweka, nikaibonyeza taratibu kwa viganja, nikaianika chini ya upenu wa ghala. Nilianza hata kuipenda kidogo. Maji ya kwanza yalitoka buluu nzito, ya pili hafifu, ya tatu karibu meupe, na mimi nikajivunia kwamba haichuji ovyo. Kaka aliikagua kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Sawa." Hakusema asante hata siku moja.

Mwezi wa tisa mama aliugua. Homa ilimshika siku tatu, akawa anatapika kila kitu. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, akaniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka: "Anywe maji mengi. Masafi. Akinywa haya ya pampu atazidi kutapika, tumbo lake limeshachoka." Nikaenda korongoni asubuhi ile ile, jua limeshakuwa kali. Shimo lilikuwa limezidi urefu wangu, na mwanamke mmoja alikuwa chini akitupitishia vibakuli. Nilipowaeleza habari ya mama, walinipisha mbele. Wanawake wale, wenye watoto wao nyumbani na kiu zao, walinipisha. Nikarudi na dumu limejaa. Nilimpa mama kikombe kimoja, akakaa nacho, hakutapika. Nikamwonyesha kaka lile dumu.

"Haya ni ya mama," nilimwambia. "Mpe kila akiomba. Mimi nakimbilia kumtafutia uji wa ulezi kwa shangazi."

"Sawa," alisema.

Nilikawia labda saa mbili. Niliporudi, dumu lilikuwa limelala ubavu pale nje, mdomo wazi. Chini ya upenu ilining'inia jinzi, inadondosha. Kaka alikuwa ameifua mwenyewe, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, kwa sababu kesho yake palikuwa na harusi kijiji cha jirani na yeye alikuwa mpambe.

Niliingia ndani. Mama alikuwa amelala upande, midomo imepasuka. Kando yake palikuwa na kikombe cha maji ya pampu, na sakafuni palikuwa na matapishi.

"Maji yako yako wapi?" nilimuuliza.

"Nilimwomba," alisema. "Akasema yamekwisha."

Nimejaribu mara nyingi kusimulia kilichonipata wakati ule, na sijaweza. Sikulia. Nilisafisha sakafu. Nikamlisha uji vijiko vichache. Nikaenda kwa jirani nikaomba kikombe cha maji ya korongo, nikapewa. Nilipomaliza yote hayo nikatoka nje na kuivuta ile suruali kutoka kwenye kamba.

Niliipeleka pampuni. Nikailowesha kwa maji ya chumvi, nikaipaka mche mzima wa sabuni ya kufulia, nikaitandika juu ya jiwe na kuisugua kwa burashi la sakafu. Magoti. Mapaja. Makalio. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka, na povu halikutoka maana maji yale hayatoi povu, ilitoka buluu tu, buluu ikitiririka kwenye mawe kama mtu amechinja kitu cha ajabu. Kisha nikaitandaza juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba yetu, uso juu, haijageuzwa, jua likiwa bado linachoma. Nyuma yetu kuna majabali makubwa kama nyumba, na mchana yanakuwa moto kiasi cha kukaushia mboga. Niliiacha pale mpaka jua lilipoanza kulala.

Ilipoanuliwa ilikuwa na mabaka. Mapaja yamepauka, magoti yana michirizi ya burashi, na pindo zote zimeota chumvi nyeupe.

Kaka alipiga kelele kama aliyefiwa. Baba alikuwa ametoka shambani. Akaketi kwenye kigoda, akatusikiliza. Kaka alisema nimemharibia suruali kwa wivu. Mimi nilisema ametumia maji ya mama.

"Ni kweli umeifua makusudi?" baba aliniuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Ni kweli ulitumia maji?" alimuuliza kaka.

"Nilidhani ataleta mengine," kaka alisema. "Yeye si ndiye huenda kila siku?"

Baba alifikiri. Nilikuwa na hakika. Mpaka leo nakumbuka ile hakika, nilivyosimama wima nikisubiri haki.

"Maji yatatekwa mengine," baba alisema. "Lakini mdogo kumharibia mkubwa mali yake makusudi, hilo halipo katika nyumba hii. Piga magoti, umwombe kaka yako radhi."

"Sipigi."

"Basi shule hutakwenda mpaka upige."

Sikupiga. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Wenzangu walipita barabarani na sketi zao za buluu, nikawa nawaangalia nikiwa napepeta uwele. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa mbele yetu. Kaka alikuwa akipita uani akiwa amevaa suruali yake ya zamani ya kitambaa, anapiga mluzi. Kila jioni baba aliuliza, "Umefikiri?" nami nikajibu, "Nimefikiri, Baba," na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu.

Mama alipata nafuu taratibu. Alisikia kila kitu akiwa kitandani na hakusema neno. Nilimkasirikia kwa hilo pia. Nilifikiri, angalau yeye, angalau yeye aseme.

Siku ya kumi aliamka asubuhi, akaoga, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa ile jinzi. Alikuwa amekonda kwa ugonjwa, kwa hiyo ilimwingia, akaifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Juu alivaa blauzi yake ya kila siku, na kanga alijifunga kichwani, si kiunoni. Mama yangu, ambaye sikuwahi kuona goti lake. Akachukua ndoo.

"Twende korongoni," aliniambia.

Tulipita katikati ya kijiji. Njia nyingine ilikuwepo, hakuipita. Mbele ya duka kaka alikuwa amekaa na vijana wenzake wakicheza drafti. Vijana walisimama wote, wakasema, "Shikamoo, Mama," huku macho yao hayajui yaende wapi. Mama akaitikia, "Marahaba, wanangu," akamjulia hali mmoja mmoja. Kaka alikuwa amegeuka rangi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakwenda kuteka maji."

"Umevaa suruali yangu!"

"Maji niliyoyakosa yamo humu," mama alisema. "Nimeyavaa."

Hakupandisha sauti. Akaendelea na safari, nami nyuma yake na dumu.

Jioni baba alimwambia, "Vua hicho kitu." Mama alikuwa anasonga ugali. Akasema, "Nitavua binti akienda shule." Baba akasema watu wanaongea. Mama akasema ni kweli, amewasikia. Akaivaa siku ya pili, shambani. Akaivaa ya tatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na mchana aliifua, kwa kuigeuza, kwa maji ya korongo, akaianika kivulini. Baba alimwuliza kwa nini anaihangaikia hivyo.

"Kesho ni kanisani," mama alisema. "Nitaingia nayo safi."

Baba hakugusa chakula mpaka kikapoa. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Jumatatu uende shule."

Nilikwenda. Nilikuta wameshanipita mbali katika hesabu, na sikuwahi kuwafikia tena. Nilivuka kidato cha pili kwa tabu, cha nne nikaanguka. Nisiseme uongo, si jinzi peke yake iliyoniangusha. Yale maji ya alfajiri yaliniangusha, na usingizi wa darasani, na zile siku kumi na tatu. Lakini ukiniuliza nianze kuhesabia wapi, naanzia pale.

Kaka hakuitaka tena ile suruali, na mama aliendelea nayo. Aliivalia shambani chini ya kanga, miaka mingi, na watu walizoea. Mimi ambaye sasa naishi kwa jinzi za watu naweza kukuambia kwamba kila moja hupauka kufuata kazi ya mwenyewe. Za vijana wa bodaboda zinapauka mapajani na ndani ya miguu, panaposuguana na tangi. Za wenye simu kubwa zina mraba mweupe mfukoni. Ile ya mama ilipauka magotini kwanza, kwa kupalilia, kisha mbele ya paja la kulia alipokuwa akiegemeza ungo. Mifukoni ilibaki buluu kama ilivyotoka dukani, maana hakuwa na cha kutia humo. Ilipochanika kabisa aliikata, mguu mmoja ukawa ngata ya kubebea ndoo, mwingine ukawa kiraka cha gunia.

Hadithi ingeishia hapo na mimi ningekuwa nimetulia. Lakini mwaka huu kaka alimbatizisha mwanawe wa mwisho. Anakaa Manyoni, ana kazi nzuri ya ofisini, ana nyumba yenye bomba ndani. Tulikwenda, mimi na mama. Baba alishafariki. Watu walikuwa wengi, wamekula, wameshiba, na kaka akashika kipaza sauti kusalimia wageni.

"Huyu mama yangu mnayemwona," alisema, "ndiye mwanamke wa kwanza kuvaa jinzi wilaya nzima ya Ikungi!"

Watu wakacheka. Akasimulia. Alisimulia vizuri, ana kipaji. Alisimulia mdogo wake mwenye wivu aliyeiharibu suruali mpya, na mama aliyeipenda hata baada ya kuharibika, akatembea nayo kijiji kizima kama msichana wa mjini. Aliigiza mwendo. Wageni walishika mbavu. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anatabasamu kwa midomo iliyofumbwa.

Nilisimama. Sikupanga. Nilisema bila kipaza sauti, lakini dobi ana mapafu.

"Kaka, mbona hujasema habari ya maji?"

"Maji gani?"

"Yale ya mama mgonjwa. Uliyofulia suruali, ukamwambia yamekwisha."

Kicheko kikakatika. Mke wa kaka alimwangalia mumewe. Kaka akacheka kidogo, peke yake.

"Mdogo wangu, hayo ni mambo ya utoto."

"Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Utoto gani?"

Mzee mmoja wa upande wa wifi alisema, "Binti, kaa, leo ni siku ya furaha." Nikamwambia, "Shikamoo, Baba. Nitakaa nikimaliza." Na nikamaliza. Nilisema yote, foleni ya korongoni, matapishi, burashi, siku kumi na tatu bila shule. Nilisema kwamba mama hakuipenda suruali ile, aliivaa kwa ajili yangu. Kisha nikakaa, na mtu akaamua kuwasha muziki.

Kwenye basi la kurudi mama aliangalia dirishani mpaka tulipoiacha njia panda ya Itigi nyuma yetu na mashamba yakaanza. "Umemwaibisha mwenzio nyumbani kwake," alisema hatimaye. Nikajaa hasira upya. Nilitaka kumwuliza kama yeye hakumwaibisha siku ile dukani. Lakini alikuwa bado anaangalia dirishani, na akaongeza, kwa sauti ya chini kama anamwambia mtu mwingine, "Nilikuwa na kiu sana. Nilimsikia anavyoyamimina kwenye beseni. Nilikuwa nasikia." Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia kwamba alisikia.

Wiki mbili baadaye kaka alinipigia simu. Nilikuwa kazini, nikapokea kwa mkono wenye povu. Aliniuliza hali, biashara, umeme. Halafu akasema, "Nimefikiri. Nimempigia mama, nimemwomba msamaha kwa yale maji. Na wewe nakuomba."

"Nimepokea," nilisema. Kisha nikauliza, "Na shule?"

"Shule ilikuwa amri ya baba."

"Baba alisema nipige magoti mbele yako. Ungeweza kusema siku yoyote, basi, nimemsamehe. Ulikuwa unapiga mluzi."

Hakulijibu hilo la mluzi. Nyuma yake nilisikia mtoto analia. Akasema atanipigia baadaye, kuna mtu anamwita.

Hajapiga. Ule msamaha wa maji nimeupokea kweli, si kwa mdomo tu, na mama ameupokea. Wa shule bado nausubiri, na sitajifanya siusubiri ili watu waseme nina moyo mzuri.